Programu ya ofisi iwake na seva: kuandika huduma ya systemd kwa chama cha msingi

Kwenye vyama vya msingi vya korosho ninavyovihudumia huku Masasi, programu ya kupokea kilo ndiyo inayoamua kama foleni inasogea. Mkulima anafika na magunia tangu alfajiri, mpimaji anasoma mizani, karani anaingiza namba, na seva iliyo chumba cha nyuma inatoa risiti. Kilo hizo ndizo zitakazokwenda ghala kuu, zikapigwa mnada, na malipo yakaja kwa jina la mkulima huyo. Programu ikizimika, karani anarudi kwenye daftari, na daftari likirudi, majina yaliyokosewa na kilo zilizorukwa vinarudi nalo.

Ninachokikuta mara nyingi ni hiki. Kijana aliyeandika programu aliingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia ukiwa mbali), akaandika amri ya kuiwasha, akaona inafanya kazi, akafurahi, akaondoka. Terminali ilipofungwa programu ikafa nayo. Au alijua hilo, akatumia `nohup` au `screen`, zinazoiacha programu hai terminali ikifungwa, programu ikabaki hai hadi umeme ulipokatika. Umeme uliporudi seva iliwaka, programu haikuwaka, na yeye yuko Dodoma. Mkulima hahusiki na lolote kati ya hayo, lakini yeye ndiye anayesimama juani.

Dawa ni kuifanya programu iwe ya seva, isiwe ya mtu aliyeiwasha. Kwenye Linux ya leo kazi hiyo ni ya systemd, na maagizo unayoiandikia kuhusu programu moja ndiyo yanayoitwa huduma.

Systemd ilianza mwaka 2010, ikaingia Fedora 15 mwaka 2011, na Debian 8 pamoja na Ubuntu 15.04 zikaipokea mwaka 2015. Ni mchakato namba 1: kernel, yaani kiini cha Linux, inauwasha wa kwanza, nao ndio unaowasha mingine yote. Hakikisha seva yako inao:

```
ps -p 1 -o comm=
```

Ikijibu `systemd`, endelea. Mfano wangu ni Ubuntu Server 24.04, programu ya Python inayoendeshwa na Gunicorn (seva ya tovuti za Python), na hifadhidata ya PostgreSQL kwenye mashine hiyohiyo. Programu nitaiita `mizani`. Kama yako ni ya Node, Java au Go, mstari wa `ExecStart` na ule wa `Type` ndiyo utakayobadilisha zaidi.

Mtumiaji wake na mahali pake

Usiiendeshe kama root, yule msimamizi mwenye ruhusa zote, na usiiendeshe kwa akaunti yako. Ipe mtumiaji wake ambaye hawezi kuingia kwenye mashine:

```
sudo useradd --system --user-group --home-dir /opt/mizani --shell /usr/sbin/nologin mizani
sudo mkdir -p /opt/mizani /etc/mizani
```

Msimbo ukae `/opt/mizani`, na uwe mali ya root. Programu inahitaji kuusoma tu. Siku mtu akipata upenyo kupitia tovuti, asiweze kubadilisha msimbo unaohesabu kilo za watu.

Mazingira ya Python yatengeneze palepale:

```
sudo apt install python3-venv
sudo python3 -m venv /opt/mizani/venv
sudo /opt/mizani/venv/bin/pip install -r /opt/mizani/requirements.txt
```

Nasema palepale kwa sababu wengi hulinakili folda la `venv` kutoka laptopu au kutoka `/home`. Ndani ya faili kama `venv/bin/gunicorn`, mstari wa kwanza kabisa una njia kamili ya Python ya kule lilikotengenezwa. Ukilihamisha, mstari ule unaelekeza mahali ambapo hapapo, na systemd itakuambia faili halipatikani ilhali unaliona kwa macho yako. Watu hupoteza mchana mzima hapo.

Nenosiri la hifadhidata na siri nyingine viende kwenye faili lake:

```
sudo nano /etc/mizani/mizani.env
sudo chown root:root /etc/mizani/mizani.env
sudo chmod 600 /etc/mizani/mizani.env
```

Ndani yake ni mistari ya `JINA=thamani`, bila neno `export` na bila amri zozote, kwa sababu halisomwi na bash, ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali. Usihofu kwamba mtumiaji `mizani` hawezi kulifungua. Systemd hulisoma ikiwa bado root, kisha ndipo inapomkabidhi programu mtumiaji wake.

Kabla hujaandika huduma yenyewe, jaribu programu kwa mkono, lakini ndani ya systemd:

```
sudo systemd-run --pty --uid=mizani \
  --working-directory=/opt/mizani \
  --property=EnvironmentFile=/etc/mizani/mizani.env \
  /opt/mizani/venv/bin/gunicorn --bind 127.0.0.1:8000 app:app
```

Naipenda sana amri hii, na sijui kwa nini haitajwi zaidi. Ukiendesha programu kwa akaunti yako unapima mazingira yako: `PATH` yako, ruhusa zako, faili zako za nyumbani. Hii inapima mazingira ambayo huduma itayakuta. Kama kuna ruhusa inayokosekana, utaijua sasa, ukiwa umetulia. Bonyeza Ctrl+C kuizima.

Faili la huduma

Fungua `/etc/systemd/system/mizani.service` na uandike:

```
[Unit]
Description=Mizani: mapokezi ya kilo za korosho
Wants=postgresql.service
After=network.target postgresql.service
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
Type=notify
User=mizani
Group=mizani
WorkingDirectory=/opt/mizani
EnvironmentFile=/etc/mizani/mizani.env
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
ExecStart=/opt/mizani/venv/bin/gunicorn --workers 3 --bind 0.0.0.0:8000 app:app
ExecReload=/bin/kill -s HUP $MAINPID
KillMode=mixed
TimeoutStopSec=30
Restart=always
RestartSec=5
StateDirectory=mizani
MemoryMax=600M
NoNewPrivileges=true
PrivateTmp=true
ProtectSystem=strict
ProtectHome=true

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Sehemu kubwa inajieleza. Nitakaa kwenye mistari ambayo ndiyo inayoamua kama utaamshwa usiku.

`After` ni mpangilio tu: inasema nani atangulie, haimwashi mtu. `Wants` ndiyo inayoomba PostgreSQL iwashwe. Zinahitajika zote mbili. Kuna `Requires` pia, yenye masharti makali zaidi, ambayo huizima programu yako hata pale hifadhidata inapozimwa kidogo kwa matengenezo. Kwa ofisi ndogo mimi hubaki na `Wants`.

Miongozo mingi itakuambia uweke `network-online.target`. Mimi nimeiacha makusudi. Hiyo husubiri hadi kadi ya mtandao iwe imepata muunganisho, na kwenye seva inayotumia systemd-networkd subira hiyo inaweza kufika dakika mbili. Ofisini kwetu umeme ukirudi, seva huwaka mara nyingi kabla swichi ya mtandao haijawa tayari, au swichi imechomolewa na mtu anayechaji simu. Programu inayosikiliza kwenye `0.0.0.0`, yaani anwani zote za mashine, haihitaji kusubiri yote hayo. Itawaka, na mtandao ukija itakuwa imeshakaa tayari. Kama yako huwasiliana na mtambo wa nje wakati wa kuwaka, hapo `network-online.target` ina maana, nawe uiandike kwenye `Wants` na kwenye `After`.

`Type=notify` ni kwa programu inayojua kuiambia systemd "niko tayari", na Gunicorn inajua. Kama programu yako haijui, weka `Type=simple`. Ukiweka `notify` kwa programu isiyosema kitu, systemd itasubiri, itachoka, kisha itaiua na kuanza upya.

Sasa `Restart`. Wengi huandika `on-failure`, nayo ni nzuri, ila haiirudishi programu iliyotoka bila kosa, wala iliyozimwa kwa amri ya kawaida ya `kill`. Programu ya mapokezi haina sababu halali ya kutoka yenyewe mchana wa msimu, kwa hiyo naandika `always`. Usiogope kwamba hutaweza kuizima. Ukisema `systemctl stop`, systemd inaheshimu na hairudishi.

Mstari ninaousisitiza kuliko yote ni `StartLimitIntervalSec=0`, ukiandamana na `RestartSec=5`. Kwa kawaida systemd husubiri sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kuwasha tena, na programu ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, inakata tamaa. Inaandika kwamba ombi limerudiwa haraka mno, na haitajaribu tena hadi binadamu aje. Sasa fikiria asubuhi umeme umerudi baada ya kukatika ghafla. PostgreSQL inapitia kumbukumbu zake ili kurudisha data salama, jambo linaloweza kuchukua muda. Programu inajaribu kuunganika, inakataliwa, inatoka. Inawashwa, inakataliwa, inatoka. Ndani ya sekunde chache nafasi zake zote zimekwisha. Hifadhidata inapokuwa tayari, hakuna tena wa kuiita programu. Ukiweka sekunde 5 kati ya majaribio na kuondoa kikomo, itaendelea kujaribu mpaka ipokelewe. Kwa seva iliyo mbali na fundi, sikubali mpangilio mwingine.

`StateDirectory=mizani` inatengeneza `/var/lib/mizani` na kumkabidhi mtumiaji `mizani`. Risiti za PDF na faili zilizopakiwa zikae humo. Inaendana na `ProtectSystem=strict`, ambayo inaifanya karibu diski yote isomeke tu kwa programu hii. `ProtectHome` inafunga `/home`, na `PrivateTmp` inaipa `/tmp` yake peke yake. `MemoryMax` iko kwa sababu mashine hizi huwa na RAM ya GB 4 au 8: programu ikivujisha kumbukumbu, iuawe na kuwashwa upya yenyewe, isiivute hifadhidata chini pamoja nayo.

Jambo moja kuhusu `ExecStart`: hakuna bash pale. Alama kama `>`, `&&`, `|` na `~` hazifanyi kazi. Andika njia kamili, na kama kweli unahitaji amri nyingi, ziweke kwenye skripti. Skripti hiyo isiandikwe kwenye Notepad ya Windows, maana mwisho wa mistari yake huwa na herufi isiyoonekana ambayo Linux haiielewi, nayo inaleta kosa lilelile la "faili halipo".

Kuiwasha na kuisoma

```
sudo systemd-analyze verify /etc/systemd/system/mizani.service
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now mizani
systemctl status mizani
```

`enable` inahusu kesho: iwake kila mashine inapowaka. `--now` inahusu sasa hivi. Kuna watu huandika `start` peke yake, wakaona kijani, wakaenda nyumbani. Seva ikizimwa, habari imekwisha.

Status ikiwa nyekundu, tafuta namba. `203/EXEC` ni kwamba kilichotajwa kwenye `ExecStart` hakikuweza kuendeshwa: njia imekosewa, ruhusa ya kuendesha haipo, au ule mstari wa kwanza wa `venv` niliousema. `217/USER` ni mtumiaji asiyekuwepo. `200/CHDIR` ni `WorkingDirectory` isiyofikika. Namba nyingine, mara nyingi `1` au `3`, zinatoka kwenye programu yenyewe, na maelezo yako kwenye logi:

```
journalctl -u mizani -n 50 --no-pager
journalctl -u mizani -f
journalctl -u mizani -b -1
```

Ya pili inafuatilia moja kwa moja. Ya tatu inaonyesha yaliyotokea kabla ya mashine kuzimika mara ya mwisho, na hiyo ndiyo utakayoihitaji baada ya umeme kukatika. Ili logi hizo zibaki, lazima kuwe na folda `/var/log/journal`. Kama halipo, litengeneze na uwashe upya `systemd-journald`. Weka pia `SystemMaxUse=500M` ndani ya `/etc/systemd/journald.conf` ili zisijaze diski ndogo.

Rekebisha saa kabla hujaanza kusoma logi yoyote:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Seva nyingi husimikwa zikiwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma yetu. Karani anakwambia programu ilikwama saa nne asubuhi, wewe unatafuta 10:00 kwenye logi, nalo tukio limeandikwa 07:00. Na kama mashine inarudi na tarehe ya zamani kila umeme ukikatika, badilisha betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama. Risiti yenye tarehe ya uongo inaleta ugomvi ambao hakuna fundi anayeweza kuumaliza.

Iue mwenyewe kabla msimu haujaiua

Usikabidhi kazi kwa kuangalia rangi ya kijani. Ua programu:

```
sudo systemctl kill -s SIGKILL mizani
sleep 8
systemctl status mizani
```

Inapaswa kuwa hai, ikiwa na umri wa sekunde chache. Kisha zima hifadhidata kwa `sudo systemctl stop postgresql`, subiri dakika moja au mbili, uiwashe, uone kama programu inarudi bila kuguswa. Kisha `sudo reboot`, na usiingie kwa SSH. Fungua ukurasa wa programu kutoka kompyuta ya karani tu.

Jaribio la mwisho ni umeme wenyewe. Lifanye kabla ya mwezi wa kumi, data ikiwa bado ya majaribio. Ingiza kilo kadhaa za uongo, kisha chomoa waya unaoingia kwenye seva yenyewe, si ule wa UPS (betri ya akiba) ukutani. Urudishe. Mashine nyingi za mezani zitabaki zimezima zikisubiri kidole, na hapo systemd haina la kukusaidia. Ingia kwenye BIOS, tafuta kipengele kinachoitwa Restore on AC Power Loss au jina linalofanana, ukiweke kwenye Power On. Rudia hadi mashine, hifadhidata na programu vinyanyuke vyote bila mtu kugusa kitu, na kilo ulizoingiza ziwepo. Ofisi ambayo jaribio hili halijafanywa, mimi huihesabu kuwa haina seva.

Chelezo ya kila jioni

Chelezo ni nakala ya akiba ya data. Ukishaelewa huduma, saa za systemd (timer) ni rahisi. Andika `/etc/systemd/system/mizani-chelezo.service` yenye `Type=oneshot`, `User=postgres`, na `ExecStart` inayoelekea kwenye skripti yako ya `pg_dump`, amri inayonakili hifadhidata. Pembeni yake weka `mizani-chelezo.timer`:

```
[Unit]
Description=Chelezo ya mizani kila jioni

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 20:00:00
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Unachokiwezesha ni timer, kwa `sudo systemctl enable --now mizani-chelezo.timer`. `Persistent=true` ndiyo sababu ya kuacha cron, kipanga ratiba cha zamani cha Linux: kama saa mbili usiku umeme haukuwepo, chelezo itachukuliwa mara mashine itakapowaka, wakati cron ingeruka hadi kesho yake. `systemctl list-timers` itakuonyesha ilipita lini na itakuja lini. Faili za chelezo zisibaki kwenye diski hiyohiyo.

Kubadilisha na kukabidhi

Toleo jipya la programu likija, weka msimbo, kisha `sudo systemctl restart mizani`. Ukigusa faili la huduma lenyewe, `daemon-reload` kwanza, la sivyo systemd inaendelea na nakala ya zamani aliyonayo kichwani. Kwa mabadiliko madogo ya ofisi moja, mfano kuongeza `MemoryMax`, tumia `sudo systemctl edit mizani`. Inaandika faili la nyongeza bila kugusa la asili, na `systemctl cat mizani` inakuonyesha yote mawili kwa pamoja.

Karani naye apewe uwezo wake. Anayekaa na foleni asilazimike kunitafuta kwenye simu kisa cha kuwasha upya programu. `systemctl status` haihitaji sudo, na ili asome logi mwongeze kwenye kundi la `systemd-journal`:

```
sudo usermod -aG systemd-journal karani
```

Kwa kuwasha upya, fungua `sudo visudo -f /etc/sudoers.d/mizani` na uandike mstari mmoja:

```
karani ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart mizani
```

Uwe hivyo hivyo, bila nyota na bila kuongeza `status`. Status ikiendeshwa kwa sudo inaweza kufungua matokeo ndani ya `less` (programu ya kusomea maandishi), na kwenye matoleo ya systemd kabla ya 247 mtu aliweza kutoka `less` akafungua bash akiwa root. Mwombe karani aingie kwa akaunti yake mbele yako, aendeshe `sudo systemctl restart mizani`, kisha `systemctl status mizani`, na akuonyeshe kwa kidole palipoandikwa `active (running)`. Akishaweza hivyo, unaweza kufunga laptopu.